Kubadilishana Wachezaji wa Besiboli Majira ya Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, ina klabu 30, na msimu wake ukishamalizika mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, mchezo unahamia midomoni mwa mashabiki. Kuanzia hapo hadi kambi za mazoezi za Februari, mjadala ni mmoja: nani apelekwe wapi, kwa kubadilishwa na nani, na kwa sababu gani. Majibu haya yameandikwa kwa shabiki anayeujua mchezo wenyewe lakini bado anapigwa chenga na taratibu za kubadilishana wachezaji. Nina msimamo wangu, nao nautaja mapema ili msomaji asiukute njiani: sehemu kubwa ya ubishi wetu wa majira ya baridi hupotea bure kwa sababu tunajadili majina, ilhali klabu zinajadili muda, yaani misimu ambayo mchezaji bado yuko mikononi mwa klabu kabla hajawa huru.

Mabadilishano haya yana tofauti gani na usajili wa soka tuliouzoea?

Katika soka, klabu hulipa ada ya uhamisho, mkataba wa zamani unakwisha, na mchezaji anakaa mezani kukubaliana mshahara mpya. Katika besiboli mkataba hauvunjwi. Unahama pamoja na mchezaji kama ulivyo, na mshahara uleule, miaka ileile na masharti yaleyale. Klabu inayompokea hailipi ada ya kumnunua, bali inatoa wachezaji wake, na mara nyingi mchezaji mwenyewe haulizwi chochote. Anapigiwa simu akiwa nyumbani kwake, na kesho yake anaanza kutafuta nyumba katika mji mwingine.

Neno usajili, kwa maana tunayoijua, linawafaa wachezaji huru tu, wale ambao muda wao umekwisha na wanaweza kwenda popote. Hata hao wana ulinzi wao: mchezaji huru aliyesaini majira ya baridi hawezi kubadilishwa kabla ya tarehe 15 Juni bila ridhaa yake. Kwa hiyo pendekezo la kumsajili mtu Desemba kisha kumtoa Januari, ambalo huzuka kila mwaka, halina mlango wa kupitia.

Ni lini klabu zinaruhusiwa kubadilishana wachezaji?

Dirisha la katikati ya msimu hufungwa mwishoni mwa Julai au siku za kwanza za Agosti. Mwaka 2025 lilifungwa tarehe 31 Julai. Hufunguliwa tena zikishamalizika Fainali za Dunia, yaani World Series, mfululizo wa mechi unaoamua bingwa wa MLB. Mkutano wa Majira ya Baridi wa Desemba, ambao mwaka 2023 ulifanyika Nashville na mwaka 2024 Dallas, huwakusanya viongozi wa klabu zote katika hoteli moja kwa siku chache, na ndipo mengi yaliyokuwa yakizungumzwa kwa simu hupata sura.

Kwa sisi tulioko Afrika Mashariki, wakati huo wa mwaka New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Habari inayotangazwa kule saa tatu usiku hutufikia saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo maana wengi wetu hujifunza matokeo ya ubishi wa jana kabla ya chai ya asubuhi.

Kwa nini mnasisitiza miaka iliyobaki kuliko kiwango cha mchezaji?

Kwa sababu hapo ndipo bei ilipo. Mchezaji anayepanda Ligi Kuu hubaki mikononi mwa klabu yake mpaka atimize miaka 6 ya utumishi, na mwaka mmoja wa utumishi huhesabiwa kuwa siku 172 katika kikosi cha Ligi Kuu au katika orodha yake ya majeruhi. Katika miaka mitatu ya kwanza, kwa kawaida, klabu humlipa karibu na kima cha chini. Kuanzia mwaka wa nne anaingia katika usuluhishi wa mishahara, ambapo yeye na klabu wakishindwa kuelewana kila upande hupeleka kiwango chake na jopo huchagua kimoja kati ya viwili, bila kukata katikati. Baada ya hapo ni uhuru, na uhuru ndio unaoleta mamia ya mamilioni ya dola.

Tazama jinsi mchezaji mmoja alivyouzwa mara mbili kwa bei mbili. Agosti 2022, Washington Nationals walimtoa mpigaji Juan Soto kwenda San Diego Padres akiwa amebakiza zaidi ya misimu miwili kabla ya uhuru. Pamoja na Josh Bell, thamani yake ilikuwa MacKenzie Gore, CJ Abrams, James Wood, Robert Hassell III, Jarlin Susana na Luke Voit. Watatu kati ya hao, Abrams, Gore na Wood, baadaye walichaguliwa katika Mechi ya Nyota, inayowakusanya wachezaji bora wa ligi. Desemba 2023 Padres wakamtoa Soto huyohuyo kwenda New York Yankees, safari hii akiwa amebakiza msimu mmoja tu. Walichopata kilikuwa kizuri, lakini hakikuwa cha uzito ule: Michael King, Drew Thorpe, Randy Vásquez, Jhony Brito na mdakaji Kyle Higashioka, na juu yake wakamwongeza Trent Grisham katika mzigo wa kwenda New York.

Soto hakuwa ameporomoka, na alikuwa bado na umri wa miaka 25. Kilichopungua ni kalenda.

Mimi huwa na daftari lenye safu tatu: jina, msimu atakaokuwa huru, na mshahara wa mwaka ujao. Kabla sijajibu pendekezo la mtu yeyote huandika kwanza safu ya pili kwa kila mchezaji aliyetajwa, na mara nyingi ubishi humalizika hapo, kwa sababu inaonekana wazi kwamba upande mmoja unatoa misimu 15 ya vijana wa bei nafuu ili kupata miezi sita ya nyota mmoja.

Kwa nini basi klabu ikubali kutoa vijana wanne kwa mchezaji mmoja?

Kwa sababu kikosi kina nafasi 26 na uwanjani wanaingia tisa tu. Wachezaji wanne wa wastani hawawezi kusimama katika nafasi moja ya mrushaji bora, na klabu inayowania ubingwa sasa hivi inaithamini nafasi hiyo moja kuliko klabu inayojijenga upya.

Mfano ulio safi zaidi wa miaka ya karibuni ni Garrett Crochet. Mwaka 2024 Chicago White Sox walipoteza mechi 121, idadi ambayo hakuna klabu nyingine katika enzi ya kisasa iliyoifikia. Walikuwa na mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye kipaji kikubwa na misimu miwili mikononi mwao, lakini ndani ya misimu hiyo miwili hawakuwa na tumaini la kushindana. Boston Red Sox walikuwa na hali kinyume, yaani ghala limejaa vijana na kikosi kinakosa mrushaji wa kuongoza safu. Desemba 2024 Crochet akaenda Boston, na Chicago wakapokea Kyle Teel, Braden Montgomery, Chase Meidroth na Wikelman González. Montgomery alikuwa amechaguliwa na Boston miezi michache tu kabla, katika uchaguzi wa kila mwaka ambapo klabu hugawana wachezaji chipukizi kwa zamu, akiwa ameumia kifundo cha mguu, na akaondoka kabla hajacheza hata mechi moja ya kulipwa kwa klabu hiyo. Sheria inaruhusu hilo: aliyechaguliwa Julai anaweza kubadilishwa Fainali za Dunia zikimalizika.

Boston wakampa Crochet mkataba wa nyongeza wa miaka 6 wenye thamani ya dola milioni 170, naye mwaka 2025 akashinda mechi 18 na kuongoza Ligi ya Marekani, moja ya ligi mbili zinazounda MLB (nyingine ni Ligi ya Taifa), kwa kuwatoa wapigaji 255 kwa straiki. Je, hiyo inamaanisha Chicago walikosea? Hapana. Kama wangembakiza, ushindi huo 18 ungekuwa pambo katika msimu wa timu inayoburuta mkia, na saa yake ya kuondoka ingekuwa imekaribia kwa mwaka mzima zaidi.

Je, Detroit wangepaswa kumtoa Tarik Skubal?

Hili ndilo swali lililotawala majira ya baridi baada ya msimu wa 2025. Skubal alishinda Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa Ligi ya Marekani, mwaka 2024 na tena mwaka 2025, na muda wake na Detroit Tigers ulikuwa unafikia mwisho baada ya msimu wa 2026. Kwa hesabu kavu ya daftari langu, huo ndio wakati wa kumtoa, kwa kuwa kila mwezi unaopita unapunguza kile ambacho klabu nyingine itakitoa.

Hata hivyo nilisimama, na bado nasimama, upande wa waliosema abaki. Oktoba 2025 Tigers walifika mechi ya tano na ya mwisho ya raundi yao dhidi ya Seattle Mariners. Skubal alirusha duru sita kati ya tisa za kawaida, akawatoa wapigaji 13 kwa straiki, saba kati yao wakifuatana mmoja baada ya mwingine, akaruhusu pointi moja tu. Mechi ile ilikwenda hadi duru ya 15 na Seattle wakashinda 3–2. Klabu iliyofika umbali huo, ikiwa na mtu wa namna hiyo, haijengi upya. Inatafuta mpigaji mmoja wa kuongeza. Hesabu ya muda ni dira nzuri kwa klabu isiyoshindana, lakini kwa klabu inayoshindana msimu mmoja wa mrushaji bora wa ligi una thamani ambayo vijana watatu wa baadaye hawawezi kuirudisha. Wanaopinga hoja hii wana jambo moja la haki mkononi: akiondoka akiwa huru, fidia inayopatikana ni nafasi ya ziada ya kuchagua kijana, nayo pia kwa masharti. Hilo ni dogo, nalikubali.

Mapendekezo ya mashabiki hukosea wapi mara nyingi?

Hukosea kwa kuangalia upande mmoja wa meza. Shabiki anaorodhesha wachezaji ambao klabu yake haiwataki tena, anawajumlisha, kisha anaamini kwamba jumla hiyo inatosha kumleta nyota wa klabu nyingine. Hakuna kiongozi anayenunua matatizo ya mwenzake, hata yakiwa matano.

Ukitaka kuona jinsi pendekezo lenye mantiki linavyojengwa, rudi kwenye mabadilishano ya Kyle Tucker, Desemba 2024. Houston Astros walikuwa wanampoteza Alex Bregman, mlinzi wao wa kituo cha tatu, ambaye alikuwa amekuwa huru. Chicago Cubs wakawapa Isaac Paredes, anayecheza kituo cha tatu na ambaye bado alikuwa na misimu mitatu mikononi mwa klabu. Wakawapa Cam Smith, kijana aliyechaguliwa mwaka huohuo. Na wakawapa Hayden Wesneski, mrushaji. Houston walitoa msimu mmoja wa mpigaji hodari, wakaziba pengo la kesho asubuhi, na wakapata kijana wa kesho kutwa. Kila jina katika orodha ile lilijibu hitaji fulani la Houston. Anayeandika pendekezo lake aanze na swali hilohilo: klabu ya pili ina pengo gani, na kwa nini impe mtu huyu badala ya kumpa klabu nyingine 28 zinazomtaka?

Kosa la pili ni kutoa nafasi za kuchagua wachezaji chipukizi kana kwamba ni sarafu. Katika besiboli nafasi za kawaida za uchaguzi haziuzwi wala kubadilishwa. Zinazoruhusiwa ni zile za uwiano wa ushindani tu, ambazo hupewa klabu zenye soko dogo au mapato madogo. Milwaukee Brewers walipata moja ya hizo, pamoja na DL Hall na Joey Ortiz, walipomtoa mrushaji Corbin Burnes kwenda Baltimore Orioles mwezi Februari 2024.

Je, mchezaji anaweza kukataa kuhamishwa?

Wengi hawawezi. Wanaoweza ni wa aina mbili: wale ambao mikataba yao ina kifungu cha kukataa uhamisho, na wale waliotimiza miaka 10 katika Ligi Kuu ambayo 5 ya mwisho ni katika klabu moja. Giancarlo Stanton ni mfano wa aina ya kwanza. Baada ya kupiga homurani 59, yaani mapigo yanayompa mpigaji mzunguko mzima, mwaka 2017 akiwa na Miami Marlins, klabu hiyo ilikuwa tayari kumpeleka San Francisco Giants au St. Louis Cardinals. Akakataa kote kuwili, kisha Desemba akakubali kwenda Yankees. Nolan Arenado naye, Desemba 2024, alikataa kupelekwa Houston. Shabiki anayempangia safari mchezaji wa namna hii bila kutaja ridhaa yake anajenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu.

Haki ya 10 na 5 ina historia ambayo kila anayeshiriki ubishi huu anapaswa kuifahamu. Oktoba 1969 St. Louis Cardinals walimbadilisha Curt Flood, mlinzi wa uwanja wa kati aliyeitumikia klabu hiyo kwa misimu 12, apelekwe Philadelphia Phillies. Wakati ule kifungu cha akiba kilimfunga mchezaji kwa klabu yake bila kikomo. Angeweza kuuzwa, kubadilishwa au kuachwa, lakini hakuweza kuchagua. Tarehe 24 Desemba 1969 Flood alimwandikia Kamishna Bowie Kuhn, mkuu wa Ligi Kuu wakati ule, barua akisema kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali matakwa yake. Kuhn akakataa ombi lake, Flood akaenda mahakamani, na mwaka 1972 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua dhidi yake kwa kura 5 kwa 3. Kazi yake uwanjani ilikuwa imekwisha. Lakini mwaka uliofuata haki ya 10 na 5 iliingia katika makubaliano ya pamoja kati ya klabu na chama cha wachezaji, na Desemba 1975 uamuzi wa msuluhishi Peter Seitz, katika shauri la warushaji Andy Messersmith na Dave McNally, ukavunja nguvu ya kifungu cha akiba.

Nasema haya kwa sababu lugha yetu mashabiki inaweza kuwa nzito. Tunapoandika kwamba fulani ni mali ya kuuza, tunatumia neno lilelile ambalo Flood alitoa kazi yake ili kulikataa. Ninajitahidi kuliepuka.

Inawezekanaje mabadilishano yakubaliwe kisha yavunjike?

Yapo mambo matatu yanayoweza kuyavunja. La kwanza ni chama cha wachezaji. Desemba 2003 Boston Red Sox na Texas Rangers walikuwa wamekubaliana kumhusu Alex Rodriguez, huku Manny Ramirez akienda Texas. Rodriguez mwenyewe alitaka kwenda, na alikuwa tayari kupunguza sehemu ya mkataba wake wa dola milioni 252. Chama kikasema hapana, kwa kuwa punguzo lilikuwa kubwa kuliko faida aliyopewa, na kuliruhusu kungefungua mlango wa kuwabana wengine. Miezi miwili baadaye akaenda Yankees, kwa kubadilishwa na Alfonso Soriano pamoja na kijana aliyetajwa baadaye.

La pili ni vipimo vya afya. Mwanzoni mwa Februari 2020 Mookie Betts alikuwa anaondoka Boston kwenda Los Angeles Dodgers katika mpango wa klabu tatu, ambao ungempeleka Boston mrushaji chipukizi wa Minnesota Twins, Brusdar Graterol. Boston wakaingiwa na wasiwasi baada ya kuona taarifa zake za kiafya, mpango ukasimama kwa siku kadhaa, na ulipojengwa upya Betts na David Price wakaenda Los Angeles, Boston wakapata Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong, na Graterol mwenyewe akaishia kwa Dodgers kwa makubaliano ya pembeni. Betts ametwaa ubingwa na Dodgers mwaka 2020, 2024 na 2025. Verdugo, Downs na Wong hawakuwahi kuziba pengo lile, na kwa maoni yangu hakuna mabadilishano ya karne hii yaliyowaumiza mashabiki wa klabu moja kwa kina kama hayo.

La tatu ni Kamishna. Juni 1976 Oakland Athletics waliwauza Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni 1.5, na Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston kwa dola milioni moja kila mmoja. Kuhn akafuta mauzo yote matatu kwa hoja ya maslahi ya besiboli. Hii ndiyo sababu huoni klabu ikimwachia nyota wake kwa fedha tupu.

Kama hakuna ukomo wa mishahara, kwa nini klabu tajiri zinajali mshahara wa anayekuja?

Kwa sababu kuna kodi. Klabu ambayo jumla ya mishahara yake inavuka kiwango kilichowekwa, dola milioni 241 kwa mwaka 2025 na milioni 244 kwa mwaka 2026, hulipa kodi ya asilimia 20 ya kile kilichozidi kwa mara ya kwanza, 30 kwa mwaka wa pili mfululizo na 50 kuanzia wa tatu, na anayezidisha sana huongezewa. Ndipo fedha zinapoingia ndani ya mabadilishano: klabu inayotoa hulipa sehemu ya mshahara ili ipewe kijana bora zaidi. Boston walipompeleka mrushaji Chris Sale kwa Atlanta Braves, Desemba 2023, waliambatanisha dola milioni 17 na wakapokea Vaughn Grissom.

Mchezaji atakayetajwa baadaye ni nani?

Ni mchezaji ambaye klabu zinakubaliana kumkamilisha ndani ya miezi sita, kwa kawaida kutoka katika orodha fupi. Mwaka 1962 mdakaji Harry Chiti alitoka Cleveland kwenda New York Mets kwa mchezaji atakayetajwa baadaye, na aliyetajwa wiki chache baadaye alikuwa Chiti mwenyewe, akarudishwa alikotoka.

Je, kuna Mwafrika aliyewahi kubadilishwa?

Yupo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kucheza Ligi Kuu, alipoingia uwanjani kwa Pittsburgh Pirates tarehe 26 Aprili 2017 na kupata kituo cha kwanza katika pigo lake la kwanza kabisa, dhidi ya mrushaji Jon Lester wa Cubs. Novemba mwaka huohuo Pirates walimhamishia Toronto Blue Jays kwa mchezaji atakayetajwa baadaye au fedha. Katika kurasa za habari za Marekani ule ulikuwa mstari mmoja. Kwetu ulikuwa ni uthibitisho kwamba amehesabiwa kuwa mchezaji kama wengine.

Uganda nayo imeanza kusogea. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza Fainali za Dunia za Ligi ya Watoto huko Pennsylvania, na mwaka 2022 Dodgers waliwasaini vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male.

Nitaitofautishaje tetesi yenye uzito na uvumi?

Angalia kitenzi. Klabu ikisemwa kuwa "imeuliza" kuhusu mchezaji, haijasemwa lolote, kwa kuwa klabu zote huuliza kuhusu wote. Ikisemwa kuwa majina yamebadilishana mikono mezani, au kwamba taarifa za afya zinakaguliwa, jambo limeiva. Angalia pia ni nani anayenufaika na tetesi: wakala wa mchezaji huru ana sababu ya kutaka ionekane kwamba klabu fulani bado inatafuta.

Ni lini tunaweza kusema nani alishinda?

Siyo siku hiyo, na mara nyingine siyo mwaka huo. Desemba 1965 Cincinnati Reds walimtoa Frank Robinson kwenda Baltimore kwa kubadilishwa na Milt Pappas na wenzake wawili. Mmiliki wa Reds alijitetea kwamba Robinson, kwa umri wake wa miaka 30, alikuwa ameshazeeka. Msimu uliofuata Robinson aliongoza Ligi ya Marekani kwa wastani wa kupiga, homurani na pointi alizozileta, akawa mchezaji bora, na Baltimore wakatwaa ubingwa wa dunia. Hapo hukumu ilichukua miezi kumi.

Ya Nolan Ryan ilichukua muda mrefu zaidi. Mets walimtoa Desemba 1971, pamoja na vijana watatu, ili wampate Jim Fregosi. Ryan alistaafu mwaka 1993 akiwa amewatoa wapigaji 5,714 kwa straiki, rekodi ambayo haijaguswa.

Na Sale, ambaye wengi tulimwona amechakaa kwa majeraha? Mwaka 2024 alishinda mechi 18, akapoteza 3, akatwaa Cy Young ya Ligi ya Taifa. Nilikuwa miongoni mwa walioandika kwamba Boston wamefanya vyema kumtoa, na sikuwa na sababu yoyote zaidi ya orodha ya majeraha yake ya nyuma.

Kwa Soto wa mwaka 2023, bado nasita. Yankees walipata homurani 41 na safari ya Fainali za Dunia, kisha akaondoka akiwa huru kwenda Mets kwa miaka 15 na dola milioni 765. Padres walimpata King, aliyekuwa nguzo ya safu yao ya warushaji mwaka 2024, na Thorpe wakamtumia Machi mwaka huo katika kifurushi cha kumleta Dylan Cease, ambaye Julai aliwanyima Nationals pigo hata moja mechi nzima. Kila upande ulipata ulichokiendea, na ninaona hakuna ubaya kuiacha hukumu katika hali hiyo.

Kumalizika kwa makubaliano ya pamoja kunaathiri vipi mabadilishano?

Makubaliano ya sasa kati ya klabu na chama cha wachezaji yanafikia mwisho tarehe 1 Desemba 2026. Yaliyotangulia yalipoisha, wamiliki waliwafungia wachezaji milango kuanzia tarehe 2 Desemba 2021 hadi 10 Machi 2022, siku 99 ambazo hakuna mchezaji wa vikosi vya Ligi Kuu aliyeweza kubadilishwa wala kusainiwa. Milango ilipofunguliwa, kila kitu kilifanyika kwa mbio: tarehe 14 Machi Oakland walimtoa Matt Olson kwenda Atlanta kwa kubadilishwa na vijana wanne, na kesho yake Olson akasaini miaka 8 kwa dola milioni 168. Kwa hiyo, katika majira ya baridi ya mwaka 2026, zitazame zaidi wiki zile chache kati ya mwisho wa Fainali za Dunia na tarehe 1 Desemba, kwa kuwa klabu yenye mchezaji wa kumtoa haitapenda kukutwa naye mkononi milango ikifungwa tena.